UZI: Siku unazokaa nje na ombi lako la uraia (Uingereza, Marekani, Kanada, Oman na hapa kwetu Tanzania)

Maalim_Ole – #1

Assalaam alaykum wadau.

Kila likizo kubwa ikikaribia, swali ni lile lile kwenye makundi ya WhatsApp ya Wapemba na Waunguja walioko nje: "Nikija nyumbani miezi kadhaa, uraia wangu utaharibika?" Majibu yanayozungushwa yamechanganya nchi. Mtu wa Leicester anapewa sheria ya Marekani, mtu wa Toronto anapewa ya Uingereza, halafu ada inalipwa na ombi linakataliwa. Tuweke kila kitu mahali pake.

Kabla ya kutaja nchi yoyote, tenganisheni mambo matatu ambayo watu huyafanya kitu kimoja:

1. Hadhi ya ukaazi. Unaweza kukaa nje muda gani bila kupoteza kadi au kibali chenyewe?
2. Mwendelezo. Je, safari moja ndefu inakata hesabu ya miaka yako ikaanza upya?
3. Jumla ya siku. Ukikusanya safari zote, umekuwemo nchini siku ngapi?

Unaweza kuwa salama kwenye la kwanza ukaanguka kwenye la pili au la tatu. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Anapewa hati ya kurudi (ile inayolinda kadi ya ukaazi mtu akiwa nje), anarudi bila kuulizwa kitu uwanja wa ndege, anadhani na siku za uraia zimelindwa. Hazikulindwa.

Naanza na Uingereza, ndiko waliko watu wetu wengi.

Sheria ni ile ya uraia ya 1981, kifungu cha 6. Njia ya kawaida ni miaka 5. Ndani ya miaka hiyo usiwe nje zaidi ya siku 450, na ndani ya miezi 12 ya mwisho usiwe nje zaidi ya siku 90. Uwe umeshapata ukaazi usio na kikomo (ile "indefiniti") na umekaa nao miezi 12 kabla ya kuomba. Aliyeolewa na raia wa Uingereza, au aliyemuoa, ana njia ya miaka 3: siku 270 kwa jumla, na 90 zile zile kwa mwaka wa mwisho. Huyu halazimiki kusubiri miezi 12 baada ya indefiniti, ila awe nayo siku anayoomba.

Tena kuna sharti moja linalosahaulika sana. Lazima uwe ulikuwemo Uingereza siku ya mwanzo kabisa ya kipindi chako. Ukiomba tarehe 12 Mei 2026 kwa njia ya miaka 5, siku yako ya mwanzo ni 13 Mei 2021. Kama siku hiyo ulikuwa Konde, Pemba, kwenye harusi, umeshakosa sharti, hata kama jumla ya siku zako ni ndogo. Tangu 2022 sheria inawaruhusu maafisa kulisamehe hilo panapokuwa na sababu, lakini usiombe kwa kutegemea msamaha wakati unaweza kusogeza tarehe ya kuomba kwa wiki mbili ukawa umetimiza.

---

Mtu_wa_Mkoani – #2

Shukran maalim. Siku zinahesabiwaje? Mtu kaondoka London tarehe 3 Juni, karudi tarehe 28 Agosti. Wengine wanasema 87, wengine 86.

---

Maalim_Ole – #3

Ni 85. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi kuwa za nje, zinahesabiwa siku kamili za katikati tu. Tuzitaje: tarehe 4 hadi 30 Juni ni siku 27, Julai 31, Agosti 1 hadi 27 ni 27. Jumla 85. Kwa hiyo aliyeondoka Ijumaa usiku akarudi Jumapili amekuwa nje siku moja, Jumamosi. Aliyeondoka Ijumaa akarudi Jumamosi hana hata moja.

Ila mwangalie tarehe mnayoanzia. Ndege inaondoka London tarehe 3 usiku, inapita Addis Ababa au Doha, mtu anagongewa muhuri uwanja wa Karume tarehe 4. Wengi hujaza fomu kwa kufuata muhuri wa Zanzibar. Si sahihi. Kinachotakiwa ni siku uliyotoka Uingereza na siku uliyoingia Uingereza. Muhuri wa kutoka huku wa tarehe 27 maana yake unaweza kuwa umeingia London tarehe 28. Kosa la siku moja kila safari, safari kumi, na mtu aliyekuwa na siku 445 haelewi tena amesimama wapi.

Na umra inahesabiwa. Arusi ya Denmark inahesabiwa. Si safari za nyumbani peke yake.

---

BintiChake – #4

Waalaykum salaam. Kuna jambo la kina mama ambalo haliulizwi hadharani. Mtu amekuja Wete kumuuguza mumewe, mume akafariki, na mke akakaa eda hapa hapa. Eda ni miezi minne na siku kumi, haikatishwi kwa ajili ya ndege. Anaporudi Uingereza anaambiwa na watu uraia basi tena. Kweli?

---

Maalim_Ole – #5

Si kweli bi mkubwa, na nakushukuru kwa kuliuliza, maana hili linawavunja moyo watu bure.

Miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo ni kama siku 128. Ongeza siku za ugonjwa na za safari. Tuchukue mfano: katoka Uingereza tarehe 1 Machi, karudi tarehe 14 Julai. Siku kamili za nje ni 134. Akiomba mwezi wa Septemba mwaka ule ule, ana siku 134 ndani ya miezi 12 ya mwisho, kikomo ni 90. Amezidi.

Sasa ana njia mbili.

Ya kwanza ni kuomba hivyo hivyo na kueleza. Mwongozo wa maafisa unasema siku 90 hadi 100 kwa kawaida hawazigusi. Kati ya 101 na 179 wanaweza kusamehe kama jumla ya miaka 5 haijavuka 450 na maisha ya mtu yako Uingereza: nyumba, familia, sehemu kubwa ya mali. Akiwa amevuka na jumla pia, inabidi iwepo sababu nzito zaidi. Kuanzia 180 ni nadra sana. Msiba wa mume ni sababu inayoeleweka, na cheti cha kifo kiambatanishwe pamoja na tafsiri yake kikiwa kwa Kiswahili.

Ya pili ni kusubiri, na mimi humshauri mtu asubiri kama hana haraka ya lazima. Kile kikomo cha siku 90 kinatazama miezi 12 ya mwisho tu. Kila siku inayopita, dirisha linasogea na siku za mwanzo wa safari zinatoka nje ya hesabu. Kwa mfano wetu, akiomba tarehe 14 Aprili mwaka unaofuata, dirisha linaanzia 15 Aprili, na kilichobaki ndani ni 15 Aprili hadi 13 Julai, siku 90 barabara. Aweke nafasi, aombe mwisho wa Aprili. Hakusubiri mwaka mzima baada ya kurudi, amesubiri miezi tisa, na hahitaji tena kumuomba mtu msamaha. Siku zile 134 zitabaki kwenye ile hesabu kubwa ya 450, lakini humo zina nafasi.

Jengine: ukikataliwa Uingereza unarudishiwa ile ada ndogo ya sherehe ya kiapo peke yake. Ada kubwa imekwenda. Ndiyo maana nasema kusubiri ni rahisi kuliko kubahatisha.

---

Ngomeni_78 – #6

Na aliyevuka 450? Mfano fundi wa meli, au mtu mwenye siku 600 kwa sababu ya mzee mgonjwa.

---

Maalim_Ole – #7

Hadi 480 kwa kawaida hawazihesabu dhidi yako (300 kwa njia ya ndoa). Kutoka 480 hadi 900 lazima uonyeshe kwamba makaazi, kazi, familia na fedha zako ziko Uingereza, na juu ya hapo kuwe na moja katika mambo kama haya: ulikaa Uingereza miaka 2 zaidi kabla ya miaka 5 yako kuanza bila safari kubwa (ikiwa siku zako zimevuka 730, iwe miaka 3), au ulipelekwa nje kwa utumishi wa serikali yao, au kazi yenyewe ni ya kusafiri, au kuna sababu nzito ya kibinadamu. Baharia mwenye mkataba na kampuni ya Uingereza ana hoja. Aliyekuja kusimamia ujenzi wa nyumba Vitongoji hana.

Huyo mwenye 600 atazame kwanza safari gani ni za zamani. Kama siku 160 kati ya hizo ziko kwenye mwaka wa kwanza wa dirisha lake, akisubiri mwaka mmoja bila kusafiri sana anashuka hadi 440, na ombi linakuwa la kawaida. Kazi yote ni kalamu na kalenda.

---

BintiChake – #8

Nalo la watoto. Watu huzaa kule, mtoto akifika miaka minne au mitano analetwa kwa bibi asome chuo cha Kurani na skuli mwaka mmoja au miwili, ajue dini na lugha. Ina athari?

---

Maalim_Ole – #9

Ina athari kubwa kwa njia moja mahsusi, na wazazi wengi hawaijui mpaka mtoto ana miaka kumi na moja.

Mtoto aliyezaliwa Uingereza wakati wazazi wote hawakuwa raia wala hawakuwa na indefiniti, hazaliwi raia. Lakini kifungu cha 1(4) cha sheria ile ile ya 1981 kinampa haki ya kusajiliwa kuwa raia akitimiza miaka 10, kama katika kila mmoja wa miaka yake 10 ya mwanzo hakuwa nje zaidi ya siku 90. Soma vizuri: kila mwaka peke yake. Miaka inahesabiwa kutoka siku ya kuzaliwa hadi siku ya kuzaliwa, si Januari hadi Disemba. Likizo ya kiangazi ya wiki sita haina neno. Mwaka mmoja chuoni Micheweni unaivunja haki hiyo, na inabaki kuomba busara ya waziri wao.

Kuna mlango mwengine: mzazi mmoja akipata indefiniti au uraia kabla mtoto hajafika miaka 18, mtoto huyo aliyezaliwa kule anaweza kusajiliwa kwa kifungu cha 1(3), na huko hakuna hesabu ya siku 90. Kwa hiyo kama wazazi wako karibu kupata indefiniti, mtoto anaweza kuja kwa bibi. Kama wazazi hadhi yao haieleweki, hiyo miaka 10 ndiyo hazina ya mtoto, msiiguse.

---

Ohio_Makunduchi – #10

Mimi nijaze upande wa Marekani, maana tulio huku kwa bahati nasibu ya viza ni wengi, na kanuni zake ni tofauti kabisa.

Miaka 5 na grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), au miaka 3 ukiwa unaishi na mume au mke aliye raia. Unatakiwa uwe ulikuwemo nchini angalau nusu: siku 913 kwa miaka 5, siku 548 kwa miaka 3. Siku ya kuondoka na ya kurudi zote zinahesabiwa za Marekani. Uwe pia umekaa miezi 3 kwenye jimbo unaloombea. Fomu ya ombi la uraia ni N-400, na unaweza kuipeleka siku 90 kabla miaka haijatimia. Grini kadi ya tarehe 1 Machi 2021 inafika miaka 5 tarehe 1 Machi 2026, basi mapema kabisa ni 1 Disemba 2025. Ukipeleka tarehe 30 Novemba unakataliwa na pesa huzioni. (Hizo siku 90 za mapema ni za ile miaka, haziongezi wala kupunguza siku 913.)

Kizito cha Marekani ni urefu wa safari moja:

– Hadi miezi 6: mwendelezo haujaguswa.
– Zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka: sheria inachukulia kwamba umekata mwendelezo, na mzigo wa kuthibitisha vyengine ni wako. Wanatazama kama hukuacha kazi Marekani, familia yako ya karibu ilibaki huko, nyumba yako ilibaki mkononi mwako (hukuipangisha kwa mwengine), na hukuajiriwa nje. Leta karatasi za kodi ya nyumba, barua ya mwajiri ya likizo, marejesho ya kodi ya mapato, skuli ya watoto.
– Mwaka mmoja au zaidi: imekatika, hakuna kujitetea. Unaanza tena.

Kuanza tena ndiko kunakohesabiwa vibaya. Mtu katoka 5 Januari 2022, karudi 20 Januari 2023. Anaruhusiwa kuomba miaka 4 na siku moja baada ya kurudi, yaani 21 Januari 2027. Lakini akiomba siku hiyo, ndani ya miaka yake 5 bado mna karibu mwaka mzima wa kuwa nje, hivyo anaangukia kwenye kundi la pili na lazima ajitetee. Akingoja miaka 4 na miezi 6, aombe mwisho wa Julai 2027, kilichobaki ndani ya dirisha hakizidi miezi 6 na hoja inakwisha. Kwa njia ya ndoa ni miaka 2 na siku moja, na ushauri ni ule ule wa kuongeza miezi.

---

Mtu_wa_Mkoani – #11

Lakini mtu akiwa na ile hati ya kurudi ya miaka 2?

---

Ohio_Makunduchi – #12

Hapo hapo ndipo maalim alipoanzia. Ile hati (fomu I-131, lazima uiombe ukiwa ndani ya Marekani na alama za vidole uziweke huko) inalinda grini kadi yako. Afisa wa uwanja wa ndege hatosema umeihama nchi kwa sababu tu ya urefu wa safari. Kwenye uraia haina kazi. Ukikaa Pemba miezi 14 ukiwa nayo mfukoni, unaingia Marekani vizuri na mwendelezo wa uraia umekatika vile vile.

Kinacholinda mwendelezo ni fomu N-470, na ni ya watu maalumu: anayefanyia kazi nje serikali ya Marekani, kampuni ya Marekani ya biashara za nje, taasisi ya utafiti inayotambuliwa, shirika la kimataifa ambalo Marekani ni mwanachama, au mtumishi wa dini. Uwe umekaa Marekani mwaka mzima bila kutoka baada ya kupata grini kadi, na uiombe kabla hujatimiza mwaka nje. Anayekuja kuuguza wazazi hamo.

Na msicheze ule mchezo wa kukaa Pemba miezi 5, kwenda Marekani wiki mbili, kurudi tena miezi 5. Hakuna safari moja iliyovuka miezi 6, lakini siku 913 hutozipata, na afisa akiona mtindo huo anaweza kusema makaazi yako hasa yako Pemba na Marekani unatembelea. Hapo unaweza kuhojiwa hadi grini kadi yenyewe.

Mwisho: kwa Marekani mwendelezo unatakiwa uendelee mpaka siku ya kiapo. Ukishapeleka N-400 usije kukaa nyumbani miezi 7 ukisubiri usaili. Watu wamefanya.

Bi Chake, kwa yule mjane wako: siku 134 ni chini ya miezi 6, Marekani hazimgusi kwenye mwendelezo. Anapunguza siku zake 913 tu.

---

Konde_Toronto – #13

Kanada ni nyepesi kuelewa. Siku 1,095 za kuwemo nchini kwa mwili ndani ya miaka 5 kabla ya siku ya kusaini ombi. Kanuni hii ni ya tangu Oktoba 2017. Hakuna safari inayokata mwendelezo, hakuna sharti la mwaka wa mwisho. Dirisha la kawaida lina siku 1,826, kwa hiyo mwenye ukaazi wa kudumu miaka yote 5 anaweza kuwa nje siku 731 na bado akatimiza. Sehemu yoyote ya siku uliyokuwemo inahesabiwa siku nzima.

Waliokuwa wanafunzi, wafanyakazi wa kibali au wakimbizi waliokubaliwa kabla ya kupata ukaazi wa kudumu: kila siku ya wakati ule ndani ya dirisha ni nusu, mwisho 365. Miaka 2 ya chuo (siku 730) inakupa 365, unabakiwa na 730 za kukaa kama mkaazi wa kudumu.

Kosa la Kanada ni la wanandoa. Mke mwenye ukaazi wa kudumu akiishi Zanzibar pamoja na mume Mkanada, siku hizo zinamlindia ukaazi wake (kule sharti ni siku 730 ndani ya miaka 5). Kwenye 1,095 za uraia ni sifuri. Watu wanasoma ukurasa mmoja wanautumia kwa mambo mawili.

Na usiombe ukiwa na 1,095 kamili. Weka akiba ya wiki kadhaa. Safari moja uliyoisahau inakutupa chini ya mstari, na hakuna wa kukusamehe siku tatu. Kodi pia: marejesho ya miaka 3 kati ya 5, kama unawajibika kuyapeleka. Mtoto aliye chini ya miaka 18 ambaye mzazi wake ni raia au anaomba pamoja naye hana hesabu ya siku.

---

Ngomeni_78 – #14

Tugeuze upande. Mgeni anayefanya kazi hoteli ya Nungwi, kila masika hoteli ikifungwa anakwenda kwao miezi miwili. Anataka uraia wa Tanzania. Anahesabiwaje?

---

Maalim_Ole – #15

Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, kwa hiyo sheria ni moja Bara na Visiwani: Sheria ya Uraia ya 1995, jedwali la pili. Kwanza, awe amekaa nchini kipindi chote cha miezi 12 kabla ya ombi. Pili, ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo 12, vipindi alivyokaa vikijumlishwa visipungue miaka 7. Kwa hiyo tunatazama miaka 11 nyuma.

Huyo wa Nungwi, miezi miwili kwa mwaka mara kumi ni miezi 20. Nafasi aliyo nayo ni miezi 36. Kwenye sharti la pili yuko salama. Tatizo lake ni la kwanza. Sheria inasema kipindi chote na haikuweka idadi ya siku za ruhusa kama Uingereza. Masika ya mwaka wa mwisho akae hapa hapa. Kama alishatoka, waziri ana uwezo, kwa sababu maalumu, kukubali miezi 12 mfululizo iliyokwisha si zaidi ya miezi 6 kabla ya ombi, na pia kuhesabu ukaazi wa zamani zaidi ya ile miaka 11. Huo ni uwezo wa waziri, si haki ya mwombaji.

Kingine kinachowaangusha ni mapengo ya vibali. Mtu yupo miaka 12 lakini kibali chake cha ukaazi cha daraja B (cha wafanyakazi) kilikwisha, akakaa miezi mitano kwa viza ya kutembea, halafu akapata kipya. Ahifadhi nakala ya kila kibali, na barua ya sheha wa kila shehia aliyokaa, achukue wakati bado anajulikana hapo. Ukaazi hauonekani kwa pasipoti peke yake.

Mke mgeni wa raia wa Tanzania ana kifungu chake, cha 11, hapitii hesabu hii ya miaka 7. Mume mgeni wa mwanamke wa Kitanzania hana njia hiyo, anahesabiwa kama wengine. Binafsi naona si haki, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

---

Mtambwe_Muscat – #16

Oman kwa ufupi: sheria mpya ya 2025 (amri ya kifalme namba 17) inataka ukaazi wa miaka 15 mfululizo, na kutoka hadi siku 90 kwa mwaka hakuukati. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 20 na siku 60. Kiarabu cha kusoma na kuandika kinatakiwa. Wenye asili huko wana utaratibu mwengine, usichanganywe na huu.

---

Mtu_wa_Mkoani – #17

Swali la ushahidi. Pasipoti za zamani zilipobadilishwa kwa zile za kielektroniki kuanzia 2018, watu wengi walizitupa au hawajui ziko wapi. Mihuri imepotea. Wanajazaje fomu ya safari?

---

Maalim_Ole – #18

Mwenye ya zamani aitunze kama hati ya shamba. Aliyeipoteza aanze na barua pepe: atafute jina la kila shirika la ndege alilopanda, tiketi za kielektroniki zina tarehe na saa. Halafu benki, malipo ya mwisho kule na ya mwanzo huku. Halafu picha za simu, zina tarehe. Baada ya hapo aiombe serikali yenyewe rekodi zake: Uingereza unaiomba wizara yao ya mambo ya ndani taarifa zako binafsi, Marekani unaiomba idara ya mipaka, Kanada unaiomba idara ya mipaka historia yako ya kuingia na kutoka. Fanya hivyo miezi kabla ya kuomba uraia, majibu huchukua muda.

Usitegemee mihuri ya Uingereza. Wakati wa kutoka hawagongi, na mwenye indefiniti hata kuingia kwa kawaida hagongewi. Ushahidi wako mkubwa ni mihuri ya huku. Aliyeingilia Dar akapanda boti kuja Unguja, muhuri wake ni wa Dar, asiutafute wa bandari ya Malindi, Unguja.

Usipoipata tarehe kamili, andika ya makisio na useme ni makisio. Usibuni ili ufike 450. Wao wana orodha za abiria, na ukigundulika umedanganya Uingereza huhukumiwi tena kwa siku, unahukumiwa kwa tabia, na hilo kwa kawaida linakufungia mlango miaka 10. Safari iliyokuzidishia siku inasameheka. Uongo juu yake ndio hausameheki.

Na wenye hadhi ya ukimbizi: kwenu swali la siku linakuja nyuma. Kusafiri kuja nyumbani kwa pasipoti ya Tanzania kunaweza kufanya hadhi yenyewe ihojiwe kabla ya uraia kufikiwa. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi.

---

BintiChake – #19

Na akishaupata huo uraia wa nje?

---

Maalim_Ole – #20

Aliyetimiza miaka 18 akachukua uraia wa nchi nyengine kwa hiari yake, wa Tanzania umeondoka, sheria yetu haina uraia pacha kwa watu wazima. Pasipoti ya Tanzania airejeshe, na akija Pemba kwa kawaida huja na viza: dola 50, au 100 kwa pasipoti ya Marekani, pamoja na ile bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44. Kwa hiyo mwenye mzee mgonjwa anayetaka kuja kukaa naye mwaka mzima, apange mambo yake kabla ya kiapo. Kwa Kanada ukishapeleka ombi siku zako zimeshafungwa, unaweza kuja kumuuguza huku ombi linaendelea, ilimradi ukaazi wako wa kudumu haupotei na unapatikana kwa barua pepe wakiita kwenye mtihani. Kwa Uingereza pia siku zinafungwa siku ya ombi, lakini anayepita njia ya miaka 5 lazima awe na nia ya kuendelea kuishi huko, na akikubaliwa anatakiwa ahudhurie kiapo ndani ya miezi 3. Kwa Marekani, kama alivyosema wa Makunduchi, usitoke kwa muda mrefu mpaka umeapa.